Ohm: Mwana wa fundi kufuli aliyefumbua siri ya waya

PASI ya umeme ikivuta mkondo wa ampea 5 katika nyumba yenye umeme wa volti 240, mwanafunzi wa shule ya upili hugawanya 240 kwa 5 na kupata ukinzani wa omu 48. Akizidisha namba hizo hizo, hupata wati 1,200, yaani kasi ambayo pasi hiyo inakula umeme. Kanuni ya kugawanya, nyepesi kama inavyoonekana leo, ilimwacha aliyeigundua bila kazi ya kudumu.

Georg Simon Ohm alizaliwa Machi 16, 1789, mjini Erlangen, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Babake alikuwa fundi wa kufuli aliyejisomea mwenyewe, na ndiye aliyewafunza wanawe hesabu nyumbani. Mama aliaga dunia Georg akiwa na umri wa miaka 10.

Alijiunga na chuo kikuu mnamo 1805, lakini dansi, biliadi na mchezo wa kuteleza kwenye barafu vilimnogea kuliko vitabu. Mzee alighadhabika, akamwondoa chuoni. Kijana akaenda Uswisi kufundisha hesabu, na hakupata shahada yake ya uzamifu hadi 1811.

Mwaka wa 1817 aliajiriwa kufundisha katika shule moja mjini Cologne iliyokuwa na maabara nzuri. Humo ndimo alimoanza kupitisha umeme katika nyaya za urefu mbalimbali, akipima nguvu ya mkondo kwa jinsi ulivyoisukuma sindano ya sumaku. Kikwazo kilikuwa betri za enzi hizo, ambazo nguvu zake zilipungua jaribio likiendelea. Mhariri wa jarida la sayansi, Poggendorff, alimshauri aziache. Basi Ohm akaunganisha shaba na bismathi, kiungo kimoja akakitia katika maji yanayochemka na kingine katika barafu. Tofauti hiyo ya joto ilizalisha umeme mdogo, lakini usioyumba. Sasa vipimo vilikubaliana: waya ukirefushwa, mkondo hupungua kwa kadiri inayoweza kukokotolewa.

Alipewa likizo ya nusu mshahara, akaenda Berlin kuandika kitabu kilichotoka 1827. Alitumai kingempatia uprofesa. Badala yake kilipokewa kwa ubaridi, kwani wanafizikia wengi wa huko hawakuona hesabu ina kazi gani katika fani yao. Ohm alijiuzulu mwaka uliofuata na kuishi kwa vibarua vya kufundisha, hadi alipopata nafasi Nuremberg mnamo 1833.

Heshima ilitoka ugenini. Mnamo 1841, Royal Society ya London ilimtunuku nishani ya Copley. Mwaka huo huo Mwingereza James Joule alichapisha matokeo yake kuhusu joto ambalo mkondo huzalisha katika waya, na hapo ndipo hesabu ya wati ilipopata msingi.

Uprofesa wa fizikia aliouota tangu ujanani Ohm aliupata Munich mnamo 1852, akiwa na miaka 63. Aliufurahia kwa miaka miwili tu, kwani alifariki Julai 6, 1854. Kongamano la umeme la Paris lilipoidhinisha vipimo vya kimataifa mnamo 1881, jina lake liliwekwa pamoja na ya Volta na Ampère.