Bwana Wells na Askari Wake wa Risasi

Wengi wetu twamjua marehemu Herbert George Wells kwa hadithi zake za ajabu: mtu aliyesafiri katika wakati, na viumbe wa sayari ya Mirihi walioivamia Uingereza. Mimi nilimjua kwa mlango mwingine, yaani wale askari wadogo wa madini ya risasi ambao kimo chao hakipiti kidole.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba, 1866, mjini Bromley. Babake alikuwa na kiduka kisichokuwa na faida, akaongeza riziki kwa kucheza kriketi. Mwaka wa 1874 mtoto alivunjika mguu, na kule kulazwa kitandani ndiko kulikomtia mapenzi ya vitabu. Baadaye aliwekwa kazini katika duka la nguo huko Southsea, kazi aliyoichukia mno, wala simlaumu. Mwaka wa 1884 alipata msaada wa masomo akaenda London kusoma sayansi kwa T. H. Huxley, na baadaye kalamu ikawa ndiyo riziki yake.

Tufike sasa kwenye mchezo. Mwaka wa 1893 kampuni ya William Britain ilikuwa imeanza kusubu askari wenye uwazi ndani, na kwa hivyo wakawa wepesi na wa bei nafuu. Wells na wanawe wawili walicheza nao sakafuni, kwa mzinga mdogo wa springi uliorusha kipande cha mti cha kadiri ya inchi moja. Mwaka wa 1913 alitoa kitabu cha kanuni, Little Wars. Mwendo ulipimwa kwa uzi: wa miguu futi moja, wa farasi futi mbili.

Lakini kilichonivuta zaidi ni kitabu chake cha 1911, Floor Games. Humo alinung'unika kwamba madukani ni askari watupu. Yeye alitaka muuza nyama, mwoka mikate, hakimu na mawakili. Askari fulani aliowanunua Ujerumani aliwafanya polisi, mambo yakaenda.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyonifunza kugeuza askari. Nilimtwaa mmoja, nikamkata bunduki kwa msumeno mwembamba na kulisawazisha kovu kwa tupa. Mkono niliukata begani, nikatoboa pande zote mbili, nikaunga kwa kipande cha waya na gundi, ukaelekea mbele. Aproni ni karatasi nyembamba iliyolowa gundi. (Vumbi la risasi ni sumu, mtu asile kitu kabla ya kunawa mikono.) Kisha rangi ya kwanza, nyeupe, na juu yake rangi nyepesi tabaka kwa tabaka, kila moja ikauke kwanza. Mimi huanza na uso, kwani uso ukiharibika vazi zuri halisaidii kitu. Jicho lataka mstari mmoja tu wa hudhurungi. Ukilitia weupe, mtu huonekana kama aliyeona jini.

Anayetaka askari wa historia, kwa mfano wa Waterloo mwaka wa 1815, ana kazi zaidi. Koti jekundu la Mwingereza halitoshi: rangi ya ukosi na ya mapindo ya mikono ndiyo inayotambulisha kikosi. Wangu akawa mwoka mikate, sikuhitaji kuulizia kikosi chake.

Wells hakuificha nia yake. Katika kitabu kile cha 1913 alitaka wafalme na majemadari wafungiwe ukumbini na askari wa kuchezea, watu wengine waachwe waishi kwa amani. Mwaka uliofuata Vita Vikuu vikazuka. Yeye mwenyewe aliviunga mkono, akitumaini vingekuwa vya mwisho; hapo ndipo ninaposhindwa kumfuata. Mwaka huo huo wa 1914 alitoa hadithi yenye mabomu ya atomu, kabla hayajakuwako duniani. Mwaka wa 1940, katika vita vya pili, aliandika kitabu kutetea haki za binadamu.

Alifariki nyumbani kwake London tarehe 13 Agosti, 1946, mwaka mmoja na siku saba baada ya bomu la Hiroshima.