Mkwawa, Mshauri Asiyesema

Kijana anapofika njia panda ya maisha, asijue ashike kazi ipi au akate shauri gani, mara nyingi humwita moyoni mwake mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, akamwuliza yeye angefanya nini. Huo si upuuzi. Ni kuyapima mawazo yake kwa kipimo kirefu kuliko umri wake. Kwetu Iringa na Mbeya, jina lililo karibu na ulimi ni la Mtwa Mkwawa wa Uhehe. Basi na tumtazame vema huyo tunayemfanya mshauri.

Mkwawa alikuwa mwana wa Munyigumba, mtawala aliyeziunganisha tawala ndogo ndogo za Wahehe. Munyigumba hakuona haya kujifunza kwa jirani. Mbinu za vita Wahehe walizichukua kwa Wasangu, waliokuwa mahasimu wao, nao Wasangu walikuwa wamejifunza kwa Wangoni. Munyigumba alipofariki mwaka 1879 nchi iliingia katika ugomvi wa urithi, na Mkwawa akakimbilia Ugogo kabla ya kurudi na kuutwaa utawala.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski liliviziwa njiani. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na bunduki zao zikatekwa. Wahehe walishinda kwa kujificha, kwa kuchagua mahali na wakati, na kwa kumkaribia adui mpaka mkuki ukafaa kuliko bunduki.

Hata hivyo, miaka mitatu baadaye Mkwawa aliwangoja Wajerumani ndani ya boma lake la Kalenga. Walikuja na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Ukuta ulikuwa imara, lakini si ukuta uliompa ushindi Lugalo.

Mkwawa hakusalimu amri. Alirudi porini na kupigana kwa karibu miaka minne, akifichwa na kulishwa na watu wake, ambao waliadhibiwa vikali kwa ajili yake. Nduguye Mpangile, aliyetawazwa na Wajerumani, alinyongwa nao mwaka 1897. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa, Mkwawa alijiua kwa risasi. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954.

Upande wa Usangu, ambao leo umo mkoani Mbeya, Merere alikata shauri lingine. Wahehe walikuwa wamemfukuza katika nchi yake, naye akashikamana na Wajerumani ili apate kurudi nyumbani. Ni rahisi leo kumwita msaliti. Lakini kijana atakayewaketisha wote wawili katika baraza la moyo wake atasikia shauri pana zaidi. Mmoja alikataa kuinama, na watu wake wakalipa gharama. Mwingine aliwarudisha watu wake makwao, lakini chini ya bwana mgeni.

Hatari ya mshauri aliyekufa ni kwamba hawezi kutupinga. Twaweza kumtia kinywani maneno tuliyokwisha kuyataka, kisha tukayaita hekima yake. Kinga yake ni moja: kuyachukua maisha yake yote, pamoja na makosa yake. Mwenye kukumbuka Lugalo peke yake atajifunza kujivuna. Mwenye kuiuliza na Kalenga atajifunza kuchunguza ni kitu gani hasa kilichompa ushindi wa jana, kabla hajautegemea kesho.

Vijana wetu na wamwite Mkwawa bila woga. Lakini wamwulize pia lile ambalo yeye mwenyewe asingependa kuulizwa, na jibu walitoe wao, kwa kuwa ndio watakaoishi nalo.