Robert Burns, mtoza ushuru aliyeisifu wiski

Kila ifikapo jioni ya tarehe 25 Januari, Waskoti huipokea hagisi kwa heshima wanayostahili wakuu. Mpiga zumari hutangulia, walioalikwa husimama, shairi husomwa, ndipo kisu hupitishwa. Kando yake huwapo viazi mbatata na tanipu zilizopondwa, pamoja na bilauri ya wiski ya kimea. Karamu hiyo huandaliwa kumkumbuka mshairi Robert Burns, mtu ambaye sehemu kubwa ya maisha yake hakuwa na uwezo wa kuandaa karamu yoyote.

Burns alizaliwa tarehe hiyo mwaka 1759 katika kijiji cha Alloway, magharibi mwa Uskoti, ndani ya nyumba ya udongo iliyojengwa na baba yake, mtunza bustani na mkulima wa shamba la kukodi. Hagisi ilikuwa chakula cha watu wa hali hiyo: moyo, ini na mapafu ya kondoo, vilivyokatwakatwa na kuchanganywa na oti, mafuta, vitunguu na pilipili manga, kisha kuchemshwa ndani ya tumbo la kondoo.

Kufikia mwaka 1786 kilimo kilikuwa kimemshinda, naye alikubali kazi nchini Jamaica, katika shamba lililolimwa na Waafrika waliokuwa utumwani. Wanaomsifu kwa kutetea usawa wa binadamu hawapendi sana kulitaja jambo hili. Kilichomzuia kuondoka ni kitabu chake cha kwanza, kilichochapishwa Kilmarnock mwezi Julai mwaka huo, nakala 612, ambacho kiliuzwa haraka kupita matarajio. Akaelekea Edinburgh badala ya Jamaica, na mwezi Desemba gazeti la huko likachapisha shairi lake la kuisifu hagisi.

Katika kitabu hicho aliitukuza wiski na kulaumu sheria za ushuru zilizowabana watengenezaji wa Uskoti. Alisikitikia hasa Ferintosh, ambako tangu mwaka 1690 ukoo mmoja ulitengeneza pombe kwa msamaha wa ushuru, hadi haki hiyo ilipofutwa mwaka 1784.

Miaka mitatu baada ya kitabu hicho, Burns mwenyewe alikuwa mtoza ushuru. Shamba lake jipya la Ellisland halikutosha kumlisha mkewe, Jean Armour, na watoto wao. Serikali ilimpa pauni 50 kwa mwaka. Kwa malipo hayo alisafiri kwa farasi hadi kilomita 320 kwa juma, akikagua mapipa na kuwasaka wauzaji wa magendo. Mwaka 1792, akiwa tayari amehamia Dumfries, alishiriki kuikamata meli ya magendo. Mwishoni mwa mwaka huo wakubwa wake walimchunguza kwa kuyaonea huruma mapinduzi ya Ufaransa. Mshairi aliyewakejeli wenye mamlaka akalazimika kuwaandikia kuwasihi wasimnyang'anye kazi, nao wakamwachia.

Alifariki tarehe 21 Julai 1796, akiwa na umri wa miaka 37. Mwandishi wa wasifu wake wa awali, daktari aliyechukia ulevi, alieneza dhana kwamba pombe ndiyo iliyomuua. Wataalamu wengi wa baadaye wameelekeza kidole kwenye ugonjwa wa moyo.

Mwaka 1801, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, wanaume tisa walikutana katika nyumba ile ya Alloway na kula hagisi na kichwa cha kondoo. Baadaye karamu ikahamishiwa siku ya kuzaliwa. Walaji hadi leo hubishana kuhusu kinywaji: wapo wanaotaka wiski ya kisiwa cha Islay, yenye moshi wa mboji, ishindane na pilipili ya hagisi, na wapo wanaopendelea ile laini ya bonde la mto Spey. Wiski aliyoijua Burns kwa kawaida ilinywewa ikiwa changa na kali. Sheria ya kuihifadhi miaka isiyopungua mitatu katika mapipa ya mwaloni ilikuja zaidi ya karne moja baada ya kifo chake.