Geoffrey Oryema, mwana wa waziri aliyeuawa

Geoffrey Oryema alizaliwa Soroti, Uganda, mwaka 1953. Babaye, Erinayo Oryema, ndiye aliyemfundisha kupiga nanga, ala ya nyuzi ya Waacholi. Februari 1977 waziri huyo aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum, chini ya utawala wa Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, kaskazini mwa Arua. Serikali ilidai ni ajali ya gari, wachache waliamini.

Kijana alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, kisha akahamia Ufaransa. Albamu yake ya kwanza, Exile, ya mwaka 1990, ilitayarishwa na Mwingereza Brian Eno, aliyezipa nyimbo za Kiacholi na Kiswahili mandhari tulivu ya vinanda vya umeme. Kampala ilimsikia tena jukwaani mwaka 2016. Alifariki Ufaransa Juni 2018.