Mama wa Kabaka Aliyeolewa Tena

Kwa muda sasa wazee wa kanisa wananiuliza juu ya mjane mmoja wa kwetu anayetaka kuolewa, na ndugu za marehemu wanakataa kwa sababu walishatoa mahari. Kabla sijajibu, nataka niwasimulie habari za mama mmoja wa Uganda, nchi ambayo wengine wetu tulipitia kabla ya kufika hapa Juba.

Irene Drusilla Namaganda alikuwa binti wa mchungaji, Yonasani Kaizi. Mwaka 1914 alifunga ndoa ya kanisani na Kabaka Daudi Chwa wa Buganda. Kabaka alikuwa na wanawake wengine wengi nje ya pete ile, na kwa hilo nchi haikutikisika. Alifariki Novemba 1939. Mtoto wao Mutesa, aliyezaliwa 1924, akachaguliwa kushika kiti, na Irene akawa Namasole, yaani mama wa Kabaka, mwenye jumba lake na heshima kubwa. Lakini kwa mila Namasole haolewi tena. Hubaki mjane wa mfalme mpaka kaburini.

Mwanzoni mwa 1941 Irene alimweleza Katikiro, Martin Luther Nsibirwa, na Askofu Stuart kwamba ana mimba, na kwamba anataka kuolewa na Peter Kigozi, mwalimu kijana, mtu wa kawaida tu. Siwafichi habari ya mimba. Alikosea, naye hakuitoa wala hakumkimbia baba wa mtoto. Alikuja kuomba ndoa.

Askofu alikubali ndoa ifungwe. Mafundisho ya Paulo katika Warumi 7 na 1 Wakorintho 7 ni wazi: kifo hukata kifungo, na mjane yuko huru kuolewa na amtakaye, ila katika Bwana tu. Talaka ni jambo jingine, wapendwa, tusilichanganye na hili. Irene hakumwacha mume; alimzika.

Buganda ilichafuka. Wakristo waliobatizwa na kuimba zaburi kila Jumapili walisema kiti cha Kabaka kimetiwa aibu. Walimlaumu Askofu, wakamlaumu Katikiro zaidi kwa kuwa aliiunga mkono ndoa. Irene alivuliwa cheo cha Namasole. Nsibirwa alilazimika kujiuzulu mwaka huo huo wa 1941. Alirudishwa 1945, na tarehe 5 Septemba akapigwa risasi mlangoni pa kanisa kuu la Namirembe. Aliuawa kwa ajili ya sheria ya ardhi ya chuo cha Makerere, si kwa ajili ya ndoa ile, lakini chuki ya 1941 ilikuwa haijaisha mioyoni mwa watu.

Irene aliacha cheo, akawa mke wa mwalimu. Ni wanawake wangapi wangekubali badiliko hilo? Kwa mila angekaa katika jumba lake akiheshimiwa na wote, naye angezeeka peke yake.

Huku tuliko, jirani zetu Wadinka na Wanuer humhesabu mjane kuwa bado mke wa marehemu. Ndugu yake humchukua, na watoto watakaozaliwa huitwa kwa jina la marehemu. Kwetu Kongo nako kurithi mjane kupo, tusijifanye wageni. Siidharau mila hiyo, kwa maana ililisha yatima wengi. Lakini shemeji anayemdai mama huyu ana mke tayari, na tangu msiba hajaleta hata kilo moja ya unga.

Nimeongea na mama, nimeongea na mwanaume anayemtaka. Wote wawili wameokoka na hawana kifungo kingine. Matangazo ya ndoa yao yatasomwa Jumapili tatu mfululizo, kuanzia ijayo. Mwenye pingamizi la Maandiko aje kwangu. Wa mahari aende kwa wazee wa ukoo, nami nitakwenda pamoja naye.