Benjamin Tilghman, mtu wa mashini ya kurusha mchanga

Mu mgodi kila mtu anajua jina la bosi. Jina la yule aliyevumbua chombo unachoshika mkononi, ni wachache wanaolijua. Leo tuongee juu ya mmoja wao: Benjamin Chew Tilghman, Mmarekani, aliyezaliwa mu mji wa Philadelphia mwaka 1821. Yee njo aliyepata hati ya kurusha mchanga kwa nguvu ili kuchonga na kusafisha kitu kigumu. Mashini za leo za kumalizia visu na meno ya kutobolea chuma, zile za kavu na zile za maji, zinatoka mu wazo lake. Na shida ya vumbi la mchanga ilikuja pamoja nazo.

Tilghman alitoka mu ukoo wa wakubwa. Jina Chew ni la jaji mkuu wa zamani wa Pennsylvania, mtu aliyekuwa na watumwa. Kijana alisoma universite ya Pennsylvania, akajifunza sheria, lakini moyo wake haukukaa mu mahakama. Yeye na mdogo wake Richard waliingia mu kemia. Richard alipata namna ya kupasua mafuta kwa maji ya moto mkali ili kutoa gliserini. Benjamin alitafuta namna ya kutoa karatasi mu mbao kwa kutumia asidi, akapata hati mwaka 1867. Ile kazi ilimshinda kwa vyombo na gharama, wengine kule Ulaya njo walioimalizia na kula faida.

Kabla ya hapo kulikuwa vita. Mwaka 1861 Marekani iligawanyika sababu ya utumwa, na Tilghman akaenda upande wa kaskazini. Aliongoza rejima ya 26 ya Pennsylvania, akajeruhiwa Chancellorsville mu mwezi wa tano 1863. Alipopona hakurudi kwa rejima yake. Alikubali kuwa koloneli wa rejima ya 3 ya askari weusi, iliyoundwa karibu na Philadelphia mwaka ule ule. Wazungu wengi waliona ile kazi ni haya. Wale askari walipelekwa kisiwa cha Morris, South Carolina, kuchimba mahandaki mu mchanga mbele ya ngome ya Wagner, risasi na mizinga ikiwanyeshea. Mshahara wao ulikuwa dola 10 kwa mwezi, zinatolewa 3 za nguo, wakati mzungu alipata 13. Askari weusi wengi walikataa kupokea ile pesa nusu, na mwaka 1864 bunge likasawazisha. Sisi wa sendika tunaelewa hiyo habari bila kufasiriwa.

Vita ilipoisha, Tilghman alikuwa na cheo cha jenerali cha heshima. Akarudi mu majaribio yake. Watu wanasimulia kwamba aliona namna upepo wa jangwani unavyopeleka mchanga juu ya vioo vya dirisha mpaka vinapoteza mwangaza. Iwe kweli au hadisi, mwaka 1870 alipata hati ya kurusha mchanga kwa mvuke au kwa hewa. Chembe ndogo, ikipewa mwendo mkali, inakula kioo, jiwe na hata chuma kigumu. Ukifunika sehemu fulani kwa kitu laini sawa mpira, ile sehemu inabaki nzima, na maandishi yanatokea. Hivyo njo walivyoanza kuchora vioo, kuandika mawe ya makaburi na kusafisha vyuma vya kumwagwa.

Kisha jina lake likavuka bahari mpaka Sheffield, Uingereza, mji wa visu na tupa. Kompanyi yenye jina lake ilifunguliwa kule. Tupa mpya, ile mafundi wetu wanaita lime, ikitoka kukatwa, meno yake yanabaki na ukingo mwembamba uliojikunja. Ukingo ule unavunjika haraka, na tupa inakufa. Kwa njia ya Tilghman, mchanga laini sana ulichanganywa na maji mpaka ukawa kama tope jepesi, mvuke ukalirusha tope lile kwa mgongo wa meno. Ukingo mbovu unaondoka, jino linabaki kali. Tupa nzee nazo zilinolewa hivyo hivyo.

Mashini za leo za maji zinafuata njia ile. Pampu inazungusha maji yenye unga mgumu, mara nyingi wa oksidi ya aluminiamu, hewa yenye nguvu inaurusha ndani ya sanduku lililofungwa, na fundi anaingiza mikono mu glavu zilizoshikamana na ukuta wa sanduku. Jino la karbidi likiwa kali kupita kiasi, linameguka pigo la kwanza. Kwa hiyo wanaliviringisha ukingo kidogo sana, sehemu ndogo kuliko upana wa unywele. Na ile karbidi, ndugu zangu, inatengenezwa na tungsteni. Tungsteni iko mu wolframiti, jiwe jeusi zito ambalo wachimbaji wa Kivu na Maniema wanalibeba mu mifuko kwa mgongo.

Sasa tuje kwa kifua. Sheffield walijua hesabu ya vumbi mbele ya Tilghman: wanoaji wa jiwe kavu walikufa vijana kuliko wanoaji wa jiwe la maji. Mchanga uliorushwa kavu unapasuka kuwa vumbi la silika. Lile likiingia mu mapafu halitoki, linayakausha polepole, ni ugonjwa wa silikosi, hauna dawa ya kuuponyesha. Tilghman alikufa mwaka 1901, akiwa na miaka 79. Uingereza ilikataza mchanga wa silika kwa kusafisha vyuma vya kumwagwa mwaka 1949 tu. Kati ya hati yake na ile sheria kuna miaka 79 pia, maisha mazima ya mtu.

Mu migodi mambo yalienda vilevile. Mwisho wa miaka ya 1890, John George Leyner wa Colorado alitoa mashini ya kutoboa mwamba iliyopuliza hewa mu tundu la chuma. Vumbi likawarudia wachimbaji usoni, wakaikataa. Njo Leyner akapitisha maji mu lile tundu. Mchimbaji alisema hapana, na mashini ikabadilika.

Mimi naandika kutoka Nguba, mahali maji ya ziwa iko karibu na kila nyumba. Lakini Kamituga mama twangaise anatwanga mawe ya dhahabu yaliyojaa kwartzi, kavu, mtoto akiwa mgongoni, mapua wazi. Fundi wa pembeni ya barabara ananoa burini kwa jiwe la umeme, kavu vilevile. Kumwagia jiwe maji mbele ya kulitwanga si teknolojia ya Ulaya. Ni bidoni moja. Tujue tu kwamba tope likikauka linarudia kuwa vumbi: tuliondoe likingali bichi, tusilifagie kavu, na maski ibaki usoni.

Tilghman alileta maji sababu ya meno ya tupa. Kuyadai sababu ya mapafu ya mtu, ile kazi ni yetu. Kompanyi ikileta mashini mpya kwenu, mjumbe wa sendika aulize mambo matatu mbele ya kutia saini: inarusha kitu gani, maji yanaingia wapi, na vumbi linatokea upande gani.