Vasco da Gama na Mahujaji Wasio na Kaburi

Katika kisiwa cha Msumbiji, mbele ya jumba jekundu la magavana wa zamani, nimeiona sanamu ya Vasco da Gama. Mreno huyu, mzaliwa wa Sines, aling'oa nanga Lisbon Julai 1497, akawasili kisiwani hapa Machi 1498. Alipoondoka, aliwaaga wenyeji kwa mizinga. Mombasa alishukiwa, Malindi alikaribishwa, akapewa rubani aliyemvusha hadi Calicut. Bahari hiyo wazee wetu walikwisha kuizoea kwa kaskazi na kusi.

Hayo tulisomeshwa skuli. Ya 1502 hatukusomeshwa. Alirudi na merikebu za vita, akamtoza Sultani wa Kilwa dhahabu, kisha pwani ya Bara Hindi akakamata merikebu ya mahujaji watokao Makka. Aliwapora, akaitia moto nao wamo ndani, wake kwa waume. Walionusurika ni watoto wachache, waliochukuliwa wakabatizwe. Walioyaandika hayo ni wenziwe mwenyewe.

Alifariki Cochin mkesha wa Krismasi, 1524.

Ujabari wake baharini sikatai, na sanamu isivunjwe. Ila atajwapo yeye, na watajwe wale mahujaji, Mola awarehemu. Wao hawana kaburi wala jiwe.